Nani Abebe Mzigo? Kenya, Viza na Msafiri wa Kiafrika



Nazungumza hapa Mombasa juu ya wageni na namna tunavyowaruhusu kuingia. Mji huu uliijua habari hiyo kabla ya pasipoti kuwapo. Kaskazi ilileta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na katikati ya misimu hiyo miwili watu waliuza, waliozana, walisomeshana na wengine wakabaki. Sisemi zama hizo zilikuwa za heri tupu, maana pepo hizo hizo zilisukuma vyombo vilivyobeba watumwa. Nasema tu kwamba watu wa pwani hii hawahitaji kufundishwa faida ya mgeni. Wanachostahili kuelezwa ni jinsi serikali yao ilivyobadilisha kanuni za kumpokea mgeni huyo mara kadhaa ndani ya muda mfupi, na mabadiliko hayo yamemfaa nani na yamemlemea nani.

Hoja yangu ni moja, na nitaieleza mapema ili mweze kuipima nikiendelea. Kila nchi ina haki ya kumjua anayeingia. Hilo halina ubishi. Lakini kujua kuna gharama yake: gharama ya fedha, ya muda, ya makaratasi na ya wasiwasi. Kila kanuni ya viza, iwe ya zamani au ya kidijitali, ni uamuzi juu ya nani aibebe gharama hiyo, msafiri au dola. Historia ya Kenya ya tangu mwisho wa 2023 inaonyesha kwamba teknolojia ileile inaweza kumtua msafiri mzigo au kumtwika. Kinachoamua ni nia ya walioitengeneza.

Tangazo na utekelezaji

Tarehe 12 Desemba 2023, Kenya ilipoadhimisha miaka 60 ya uhuru, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mtu, kutoka pembe yoyote ya dunia, atakayelazimika tena kubeba mzigo wa kuomba viza ili aje Kenya. Mwezi wa Oktoba, akiwa Brazzaville, alikuwa amekwisha kuahidi kuwaondolea Waafrika viza kabla ya mwaka kwisha. Ahadi ya Desemba ilikuwa pana kuliko ile ya Oktoba, na ilishangiliwa barani kote.

Ili tuelewe kilichofuata, tukumbuke hali ilivyokuwa. Kenya ilianza kutoa viza kwa njia ya mtandao mwaka 2015. Mwanzoni mwa 2021 ikaacha kabisa kuzitoa viwanja vya ndege na mipakani, ikamtaka kila anayehitaji viza aiombe kabla hajasafiri. Viza ya kuingia mara moja ilikuwa dola 50 za Marekani. Mwaka 2016, utalii ulipokuwa umedorora baada ya mashambulizi ya kigaidi, serikali iliwasamehe ada hiyo watoto wa chini ya miaka 16, na familia za watalii zilinufaika. Tena kulikuwa na makumi ya nchi ambazo raia wake hawakuhitaji viza kamwe. Nyingi zilikuwa za Afrika na za Jumuiya ya Madola, kama vile Malawi na Zambia. Raia wa nchi hizo alifika na pasipoti yake, akaulizwa maswali mawili matatu, akagongewa muhuri, akaingia.

Januari 2024 mfumo mpya ukaanza kazi. Unaitwa kibali cha kielektroniki cha kusafiri. Msafiri anaingia kwenye tovuti, anajaza fomu, anapakia ukurasa wa pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita pamoja na picha ya uso wake, anaonyesha safari yake na mahali atakapolala, kisha analipa dola 30. Alishauriwa kuomba siku tatu au zaidi kabla ya kuondoka. Kibali kilitakiwa kwa kila mtu, hata mtoto mchanga, isipokuwa makundi machache. Kubwa miongoni mwa makundi hayo lilikuwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Wapo waliosema kwamba hii ni viza iliyobadilishwa jina. Sitabishana juu ya jina. Nitaangalia kazi iliyofanywa na kibali hiki, kwa sababu hakikufanya kazi moja kwa watu wote.

Kanuni moja, matokeo mawili

Turudi Januari 2024. Mchukue Mjerumani anayekuja kupumzika Diani. Jana alikuwa akilipa dola 50, leo analipa 30. Fomu ni ileile kwa kiasi kikubwa, pengine nyepesi kidogo. Kwake yeye, tangazo la Rais lilikuwa la kweli: amepunguziwa.

Sasa mchukue mfanyabiashara wa Lilongwe anayekuja Nairobi kununua bidhaa Eastleigh. Jana hakulipa kitu wala hakuomba kitu. Leo anatakiwa awe na simu ya maana au kompyuta, mtandao usiokatika, kadi ya benki inayokubali malipo ya dola, uthibitisho wa malazi hata kama alikuwa afikie kwa shemeji yake mtaani Umoja, na dola 30 kwa kila kichwa. Akija na mke na watoto watatu, hizo ni dola 150 kabla hawajanunua tiketi. Kwake yeye, siku ambayo Kenya ilitangaza kuondoa viza ndiyo siku aliyoanza kuomba ruhusa.

Mfano wa Afrika Kusini ni mzito zaidi. Baada ya majadiliano ya miaka mingi, Nairobi na Pretoria zilikubaliana mwishoni mwa 2022 kwamba kuanzia Januari 2023 Wakenya wataingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90 katika mwaka. Wakenya walioteseka kwa makaratasi ya ubalozi huo wanajua thamani ya makubaliano hayo. Mwaka mmoja tu baadaye, Mwafrika Kusini aliyekuwa akiingia kwetu bila kuomba chochote alikuta fomu na ada mbele yake.

Hapa ndipo palipo na somo la kwanza. Waliotunga mfumo walitaka usawa: watu wote, kanuni moja. Lakini mnapowapitisha mlango mmoja watu waliokuwa wakipita milango tofauti, yule aliyekuwa na mlango mwembamba anapata nafuu na yule aliyekuwa na mlango wazi anabanwa. Na waliokuwa na mlango wazi, kwa sehemu kubwa, walikuwa ndugu zetu wa Afrika. Marekani, Kanada na Uingereza nazo zina vibali vya aina hii, ila huwatoza raia wa nchi zisizohitaji viza huku viza zikibaki kwa wengine. Kenya ilijaribu kitu kikubwa zaidi, kumweka kila mtu katika kapu moja, na gharama ya ukubwa huo ikamwangukia asiyestahili.

Kipimo cha nje kilithibitisha hili upesi. Benki ya Maendeleo ya Afrika na Kamisheni ya Umoja wa Afrika hutoa kila mwaka fahirisi inayopanga nchi za bara kwa jinsi zilivyowafungulia Waafrika wengine. Mwaka 2023 Kenya ilikuwa ya 29. Mwaka 2024, mwaka wa kuondoa viza, ilishuka hadi nafasi ya 46. Tuliporomoka ngazi 17 huku tukiamini kwamba tunapanda.

Mpaka uliohama

Kuna jambo la pili, nalo halikuzungumzwa vya kutosha. Mifumo hii haiondoi mpaka. Inauhamisha.

Zamani mgeni alikutana na Kenya kwenye dawati la afisa uhamiaji, katika uwanja wa Jomo Kenyatta au wa Moi hapa Mombasa. Afisa alimwona uso kwa uso. Kukiwa na kasoro ndogo, herufi iliyokosewa au tarehe isiyolingana, palikuwa na binadamu wa kumweleza. Mfumo wa kuomba mapema uliupeleka mpaka hadi sebuleni kwa msafiri, na baada ya hapo hadi dawati la shirika la ndege katika nchi anakotoka. Shirika linalompakia abiria asiye na kibali hubeba hasara ya kumrudisha, kwa hiyo mfanyakazi wa tiketi Lusaka au Lagos amekuwa mlinzi wa mpaka wetu bila kuajiriwa nasi. Hana mamlaka ya kutumia busara. Akiona kibali hakijafika kwenye kompyuta, abiria anabaki.

Aliyekataliwa dawatini kwetu alihesabika. Aliyebaki nyumbani kwao kwa sababu ombi lilisema linashughulikiwa hadi ndege ikaondoka hatumwoni kabisa. Hakosi usingizi waziri yeyote kwa ajili yake. Kwa sababu hiyo ni rahisi kusoma takwimu na kuridhika. Ni kweli kwamba wageni wa kimataifa waliongezeka, kutoka takriban milioni 2.1 mwaka 2023 hadi karibu milioni 2.4 mwaka 2024, na wanaoutetea mfumo wana haki ya kuitaja hesabu hiyo. Lakini jumla ya waliofika haisemi lolote juu ya walioghairi, wala haitofautishi mtalii wa wiki mbili na mama wa Blantyre aliyekuwa akija mazikoni. Msiba hautoi notisi ya siku tatu.

Kisha wakaja madalali. Popote fomu ya serikali inapoingia mtandaoni, tovuti zinazoiga ile rasmi huchipuka, zikitoza zaidi ya ada halali kwa kazi ambayo msafiri angeifanya mwenyewe. Anayeangukia humo mara nyingi ni yule asiye na uzoefu wa safari, yaani yule aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote wa kupoteza fedha.

Kusahihisha

Sikuja hapa kulaumu tu. Serikali ilisikia, na jambo hilo linastahili heshima.

Hatua ya kwanza ilikuja mapema mwaka 2024, pale nchi zenye mikataba ya kuondoleana viza na Kenya zilipotolewa kwenye sharti la kibali. Miongoni mwao zilikuwemo Afrika Kusini, Ethiopia, Msumbiji na Komoro. Kwa watu wa pwani, mbili za mwisho ni za nyumbani. Familia za Kingazija zilizogawanyika kati ya Mombasa, Unguja na Moroni hazikuhitaji kuelezwa maana ya habari hiyo.

Hatua kubwa ilikuja Januari 2025. Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuziondolea kibali nchi zote za Afrika isipokuwa Somalia na Libya, kwa sababu za usalama. Wageni wa Afrika wangeweza kukaa hadi miezi miwili, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi miezi sita. Kwa wale wanaoendelea kuomba, maombi yangekamilishwa ndani ya saa 72, na kuwepo utaratibu wa haraka kwa wenye dharura. Julai 2025 msamaha huo ulianza kutumika, na nchi nyingi za Karibiani zikajumuishwa.

Naomba tutazame jambo moja ndani ya uamuzi huo, kwa kuwa ndilo linaloibeba hoja yangu. Baraza halikusema kwamba usalama sasa haujalishi. Lilisema kwamba abiria watachunguzwa mapema kwa kutumia taarifa ambazo mashirika ya ndege huwa nazo tayari: jina, namba ya pasipoti, njia ya safari, tiketi ilivyonunuliwa. Taarifa hizo hupelekwa kwa serikali kabla ndege haijatua, na majina hulinganishwa na orodha za wanaotafutwa. Msafiri hajazi fomu ya pili, halipi ada wala hasubiri jibu. Serikali inapata karibu yote iliyoyataka, ila sasa yenyewe ndiyo inayofanya kazi.

Maana yake ni kwamba mzigo ule tuliomtwika mfanyabiashara wa Lilongwe kwa mwaka mmoja na nusu haukuwa wa lazima. Tungeweza kuubeba wenyewe tangu mwanzo. Wengine walikwisha kuonyesha njia. Benin, Gambia, Rwanda na Ushelisheli zimekuwa kileleni mwa fahirisi niliyoitaja, na Ghana ilitangaza kufungua milango kwa Waafrika wote mwanzoni mwa 2025.

Pale palipobaki pagumu

Sitawatendea haki nikiruka suala la Somalia. Sisi tulioishi nchi hii tunayakumbuka mashambulizi ya Westgate ya Septemba 2013 na watu 67 waliouawa, na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwezi Aprili 2015, watu wetu 148 wakauawa. Anayesema hofu hiyo ni ya kubuni hajakaa na wazazi waliopewa maiti.

Lakini kuna ukweli mwingine. Machi 2024 Somalia ilikamilisha taratibu na kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jumuiya ambayo itifaki yake ya soko la pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inaahidi watu kusafiri kwa uhuru kati ya nchi wanachama. Kwa hiyo tuna mwanachama mwenzetu tuliyemkaribisha mezani na ambaye raia wake bado wanaomba ruhusa ya kuingia, huku mgeni wa nchi ya mbali ya Karibiani akipita. Linganisha na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilijiunga 2022, na kufikia Septemba 2023 Kenya ilikuwa imewaondolea Wakongo viza, ingawa mashariki mwa nchi hiyo kuna vita. Leo Mswahili wa Bukavu au Lubumbashi anakuja Nairobi kwa wepesi.

Sipendekezi kwamba tahadhari iondolewe kesho asubuhi. Napendekeza kwamba itungiwe masharti yanayojulikana: Somalia itimize nini, katika ubora wa hati zake na kubadilishana taarifa, ndipo raia wake wapite? Zuio lenye masharti ni tahadhari. Zuio lisilo na masharti wala ukomo linamhukumu mtu kwa pale alipozaliwa.

Ugumu wa pili ni mpaka wa nchi kavu. Taarifa za mashirika ya ndege haziji na basi. Abiria anayetoka Lusaka kwa barabara, akapita Tunduma, akavuka Tanzania hadi Namanga au Lungalunga, hatanguliwi na orodha yoyote. Anamkuta afisa, na afisa huyo ama amepata maelekezo mapya au hajapata. Kanuni nzuri inaweza kufia hapo. Uwazi wa Kenya kwa Afrika upimwe Lungalunga saa tano usiku, wala usipimwe katika ukumbi wa mikutano Nairobi pekee.

Mambo manne ya kufanya

Kwanza, tuache kutunga kanuni za mipaka kwa matangazo. Ahadi ya jukwaani ikatangulia, mfumo ukafuata, misamaha ikaja kwa vipande, kisha Baraza likasahihisha. Katika kila hatua msafiri aliachwa akikisia. Tunayo Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inayotaka kanuni zishirikishe umma na zifikishwe Bungeni. Tuitumie kabla ya mfumo kuanza, na tumpe msafiri muda wa kujiandaa.

Pili, anayenyimwa kibali aambiwe kwa nini. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kiutawala kwa uadilifu, na kimesema kila mtu, hakikusema kila raia. Jibu la kukataa lisilo na sababu, kutoka kwenye mashine isiyo na anwani ya rufaa, haliendani na roho ya kifungu hicho. Iwepo njia moja ya kulalamika, yenye muda maalumu wa kujibiwa.

Tatu, tuwarudishie watoto msamaha waliokuwa nao tangu 2016. Wazazi wanaotoka nchi ambazo bado zinahitaji kibali waombe kwa fomu moja ya familia, na mtoto wa chini ya miaka 16 asitozwe.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuufunge uwazi wetu kwenye mkataba. Januari 2018 Umoja wa Afrika ulipitisha mjini Addis Ababa itifaki ya watu kusafiri kwa uhuru barani. Inahitaji nchi 15 ziiridhie ili ianze kutumika. Miaka ikapita, zilizoridhia zikabaki nne tu: Mali, Niger, Rwanda na São Tomé na Príncipe. Ule mkataba wa biashara huria ya bara, uliotiwa saini Kigali miezi miwili baada ya itifaki hii, ulipata nchi za kutosha na kuanza kutumika Mei 2019. Bara limekubali haraka bidhaa zivuke, likasitasita juu ya watu wanaozibeba. Kenya ikiwa imekwisha kuondoa kibali kwa Waafrika karibu wote, inapoteza nini kwa kuridhia? Kilichotolewa na Baraza la Mawaziri kinaweza kufutwa na Baraza la Mawaziri. Kilichoridhiwa na Bunge hakifutwi kwa wepesi huo.

Ndugu zangu, Mkenya anajua ladha ya kuomba viza. Anajua ada ya euro 90 ya Schengen isiyorudishwa anaponyimwa. Anajua dola 185 za viza ya kutembelea Marekani, na ile barua fupi isiyoeleza kitu. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Haitufai kulalamika mbele ya balozi za Ulaya kwa mambo ambayo tuliwafanyia Wamalawi na Wazambia, na bado tunawafanyia Wasomali, bila kujiuliza.

Kwa hiyo nawaachia kazi. Wanasheria mlio hapa, isomeni kanuni ya Julai 2025 na muiulize Idara ya Uhamiaji imewafikiaje maafisa wa mipakani. Wanafunzi, wahojini wanaoshuka kwenye mabasi Lungalunga na mwandike walichokutana nacho. Wafanyabiashara, mnaponyimiwa mteja kibali, msinung'unike dukani. Andikeni, tieni saini, pelekeni kwa mbunge wenu na mdai Kenya iridhie itifaki ya 2018. Kosa la 2024 lilisahihishwa kwa sababu lilipimwa na likasemwa. Yaliyobaki nayo yatasahihishwa kwa njia hiyo hiyo, tukiwa tayari kuyapima na kuyasema.